Jembe la Makaburi

Jumapili, 9 Agosti 1970

Amoni amerudi kutoka mkutano mkuu wa wilaya ameshika kofia mkononi. Mume wangu havui kofia njiani. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Wajumbe wamepiga kura zao: Mwalimu Ezron wa kwanza, Amoni wa pili. Hajashindwa bado. Majina yote mawili yanapelekwa Dar es Salaam, na yakirudi ndipo sisi wananchi tutamchagua mmoja awe mbunge mwezi wa kumi. Lakini kwa mtu aliyezoea kuongoza tangu darasa la kwanza, nafasi ya pili ni shimo.

"Nusu ya wale wajumbe Ezron alishawachapa viboko shuleni," alisema akiitupa kofia kitini. "Bado wanamwogopa."

Bahati nzuri mdogo wangu Ambindwile alikuwa amepanda kutoka Kyela na kapu la mbasa, samaki wa ziwani, wakavu. "Shemeji, usinune," akamwambia. "Bunge lina viti vingi, hata wewe utapata pa kukalia." Amoni akacheka.

Ambindwile nimemlea mimi. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado ananyonya, nikawa naenda naye shuleni mgongoni mpaka mwalimu akachoka kunifukuza. Leo ana masharubu, ana biashara yake ya mchele na samaki, na ana mke, Tupokigwe, aliyemwoa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Sisi na watu wa kule tunasikilizana lugha, na majina ni yale yale. Mto wenyewe watu wanauvuka kwa mtumbwi kwenda kuomba chumvi. Hata mama mkwe wangu, Bibi Atuganile, asiyemsifu mtu, hupokea samaki wa Ambindwile kwa mikono miwili na kusema, "Ndaga, mwanangu." Mimi mkamwana wake hiyo asante bado naingoja.

Ijumaa, 14 Agosti

Ukungu tangu asubuhi. Kahawa imeiva miti yote kwa mpigo, na jua la kuikaushia hakuna.

Jumamosi, 22 Agosti

Lazaro ameshinda hapa. Ndiye mkuu wa mgambo wa upande wetu, na siku hizi ndiye anayemshauri Amoni kuliko mtu yeyote. Alipigana Burma enzi za Mwingereza na hajawahi kurudi kabisa. Hata chai anakunywa amekaa kama anayesubiri filimbi.

"Waeleze habari za barabara, watapiga miayo," alikuwa akimwambia mume wangu. "Waeleze bei ya kahawa, watanung'unika pamoja nawe, halafu kura watampa Ezron. Mtu akiogopa, Ndugu Amoni, hutafuta baba. Waogopeshe kwanza, kisha uwe baba yao."

"Waogope nini?"

Lazaro alielekeza kidevu kusini, kwenye mto Songwe.

Nilidhani ni maneno ya pombe, ingawa walichokuwa wanakunywa ni chai niliyowapikia mwenyewe.

Jumapili, 6 Septemba

Majina yamerudi, na alama za kupigia kura zimetoka. Mwalimu Ezron amepewa nyumba. Amoni amepewa jembe. Alinibeba juu kama bibi harusi, mbele ya mama yake! "Sekela, wakulima watupu hawa, na mimi nimepewa jembe! Ezron aende akajenge peke yake." Majirani walijaa uani. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Jumapili, 13 Septemba

Mkutano wa kwanza wa kampeni, hapa Tukuyu. Kwa utaratibu wa chama wagombea wote wawili wanapanda jukwaa moja na kupewa muda sawa, mbele ya msimamizi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine. Wake zao tunakaa mbele.

Mwalimu Ezron alizungumzia ugonjwa wa kahawa, na daraja, na zahanati isiyo na dawa. Alisema kweli tupu, kwa sauti ya mtu anayesoma imla. Watu walimpigia makofi ya adabu.

Kisha akasimama Amoni. Hakutaja kahawa hata mara moja. "Ndugu zangu, mwaka juzi wale wa ng'ambo walidai ziwa lote ni lao, na nchi yetu hii ni yao, mpaka huku mlipokaa. Mmesahau? Wao hawajasahau! Adui yuko ng'ambo ya Songwe anatazama moshi wa majiko yenu. Bungeni mnataka mpeleke mwalimu, au mpeleke mwanamume?"

Vijana waliruka juu kama watu wa ngoma. Nilisikia fahari, halafu nikageuka kuwatazama wanawake waliokaa nyuma yangu. Hakuna aliyekuwa amepiga makofi. Walikuwa wanawatazama watoto wao wa kiume wakiruka.

Tulipotoka, Hadijah wa Msasani, mtaa wa hapa hapa Tukuyu, alinishika mkono. Tunafahamiana tangu tulipokuja kuolewa mjini hapa. Yeye hushona nguo na kuuza maandazi, na mwanawe mkubwa, Ali, yuko mgambo. Akaniuliza polepole, "Mwenzangu, mumeo anataka kura au anataka vita?"

"Siasa hizo, Hadijah. Waachie wenyewe."

"Wenyewe watabaki na viti. Mimi nitabaki na nani?"

Nilimwacha amesimama barabarani. Nimekasirika mpaka sasa.

Jumatano, 16 Septemba

Sokoni chumvi imekwisha. Kila mtu ananunua kana kwamba kesho hakuna duka. Mwanamke mmoja wa Kyela amepandisha watoto wake wote kwa dada yake hapa Makandana. Nilipomuuliza anakimbia nini, akasema, "Vita vya uchaguzi." Hakujua mimi ni mke wa nani.

Jumamosi, 19 Septemba

Kila mahali ni neno hilo moja, na halisemwi kwa sauti. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kanisani, hospitali. Wanasema wakubwa wakiona kura hazitoshi huwasha moto ili waitwe kuja kuuzima.

Ambindwile alikuja leo bila utani wake. Alingoja Amoni amalize kula.

"Shemeji, ng'ambo ile ni ukweni kwangu. Mke wangu anakaribia kujifungua. Watu wa kwetu bondeni hawalali. Hayo maneno yapunguze."

"Ni maneno tu, Ambindwile. Kura zikipita tutanyamaza."

"Na wa ng'ambo wakiyasikia kabla hujanyamaza?"

Bibi Atuganile alikuwa anamenya ndizi pembeni. Kiswahili chake kimekulia mgombani, vita huviita fita. "Amoni," akasema bila kuinua macho, "hiyo fita utakwenda wewe?"

Amoni aliondoka mezani. Ambindwile akaniambia anamrudisha Tupokigwe kwa wazazi wake ajifungulie huko, pengine kutakuwa na utulivu. Nilimfungia ndizi mbivu za njiani. Akaniambia, "Dada, usihangaike, mimi mto ule naujua."

Jumanne, 22 Septemba

Wameingia! Ndivyo walivyopiga kelele tangu alfajiri. Nyumba kadhaa zimechomwa kwenye kijiji kimoja kando ya Songwe, na watu wanasema ni askari wa Malawi, wameonekana na makoti yao. Shule zimefungwa. Maduka yamefungwa. Amoni amevaa sare mpya ya mgambo ambayo sikujua anayo. Inamkaa vizuri mno kwa nguo iliyopatikana leo.

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Namwandika kama nilivyomwona.

Jumatano, 23 Septemba

Mwanamke anayeuza samaki pamoja na Ambindwile amepanda kwa miguu na lori mpaka hapa. Mgambo wamemkamata mdogo wangu akiwa anarudi peke yake na mtumbwi baada ya kumfikisha mkewe. Wanasema ni mpelelezi. Wamemfunga kamba na kumweka mahali hakuna anayejua.

Nilimkimbilia Amoni ofisini kwa chama. Nilifunga mlango, nikapiga magoti.

"Ni Ambindwile, Amoni. Neno moja kwa Lazaro na atatoka."

Alinisimamisha, akanifuta vumbi magotini. Alikuwa mpole sana. "Kesho," akasema. "Kesho nina mkutano Kiwira. Nikionekana leo namtoa mtu aliyekamatwa mpakani, nimekwisha. Baada ya Kiwira nitakwenda mwenyewe."

"Atalala wapi leo?"

"Kesho, Sekela."

Alhamisi, 24 Septemba

Kiwira. Alinitaka nikae mbele kama kawaida. Umati ulijaa mpaka barabara kuu, malori yakashindwa kupita. Amoni akapaza sauti: "Tumemkamata mpelelezi wao! Yuko mikononi mwetu!" Watu wakanguruma. Hakutaja jina. Kati ya watu wote wale ni mimi na yeye tu tuliojua mpelelezi ni nani, na alinitazama akisema.

Ijumaa, 25 Septemba

Wamemleta. Landrova imemleta, amefunikwa turubai. Wanasema aliruka mtoni akitoroka, akazama.

Mto ule anaujua.

Jumamosi, 26 Septemba

Tumemzika kijijini kwa baba yetu. Sitaki kuandika mengi, lakini haya nitayaandika, kwa sababu nikiyaacha mtu atakuja kuniambia sikuyaona.

Kabla hawajamfunga sanda nilimshika mikono. Vifundo vya mikono vilikuwa vimekatwa na kamba. Mtu anayetoroka mtoni na mikono iliyofungwa haruki, anatupwa.

Tupokigwe aliletwa na shangazi zake, tumbo liko mbele, hawezi hata kukaa chini. Wanawake walilia. Wanaume walisimama kimya, na kwetu msiba wenye wanaume kimya ni msiba mbaya.

Ndipo Amoni akafika na gari la kampeni, ndani ya sare. Akasimama ukingoni mwa kaburi la mdogo wangu, akavua kofia. "Shemeji yangu," akasema, na machozi yalimtoka kweli, niliyaona, "ameuawa na adui wa Songwe. Damu hii ni ya kwanza. Tukilala, haitakuwa ya mwisho. Huyu ni shujaa wetu. Tarehe thelathini mwezi ujao, siku ya kura, mkumbukeni!"

Alhamisi mpelelezi, Jumamosi shujaa. Vijana wakainua majembe waliyochimbia, udongo bado uko juu yake, wakaimba wimbo wa kampeni.

Nilimtazama mume wangu nikasema moyoni: wewe, nitakung'oa na mzizi wako.

Jumapili, 27 Septemba

Sikwenda kanisani. Sina la kuomba ambalo Mungu, Kyala wetu, angelipenda.

Alhamisi, 1 Oktoba

Hadijah amekuja kutoa pole, mchana, pamoja na Ali. Nilikuwa sijamsalimu tangu ule mkutano wa kwanza. Hakulitaja. Alikaa karibu nami kwenye mkeka, akamwambia mwanawe, "Sema. Umekuja kusema."

Ali ni mtu mzima, ana mke na mtoto, lakini alikaa nyuma ya mama yake kama mtoto.

"Mama, zile nyumba tulizichoma sisi. Lazaro alituvalisha makoti ya kigeni, akasema ni mazoezi. Wenye nyumba walikuwa wameondolewa kwanza. Ambindwile akatokea na mtumbwi. Alimtambua Lazaro. Alimwita kwa jina, akacheka, akidhani ni mchezo. Akauliza, 'Mzee Lazaro, unachoma nyumba za watu kwa nini?'"

Nilimsikia kabisa. Ndivyo angeuliza.

"Mume wangu alijua?"

Ali akamtazama mama yake.

"Habari za nyumba alizijua. Baada ya Ambindwile kukamatwa, Lazaro alimtuma mtu kwake asubuhi ile ya Jumatano, kuuliza amfanye nini. Jibu lililorudi ni: 'Asionekane mpaka kura zipite.'"

Asubuhi ya Jumatano. Mimi nilimpigia magoti mchana. Aliponifuta vumbi magotini alikuwa ameshajibu.

Hadijah alinishika, nadhani alidhani nitazirai. Sikuzirai. Nilikuwa nasikia baridi safi, kama asubuhi za mwezi wa saba. Nikamwambia Ali asimwambie mtu mwingine mpaka nitakapomwita.

Ijumaa, 2 Oktoba

Nimempigia pasi sare yake. Nimempikia ndizi na nyama kama anavyozipenda. Aliniambia, "Nashukuru unavyojikaza, mke wangu." Nikasema kazi bado nyingi.

Jumapili, 4 Oktoba

Nimemwomba Tupokigwe akae kwetu mpaka ajifungue. Amoni alinivuta chumbani. "Mtu wa Malawi ndani ya nyumba ya mgombea? Unataka kunimaliza?"

Sauti ya mama yake ikatoka sebuleni. "Nyumba hii aliijenga baba yako. Huyu mjane atalala hapa, kitandani kwangu. Wewe kama huna pa kulala, nenda kalale kwenye hiyo Landrova."

Jumanne, 6 Oktoba

Jua kali. Tumechuma kahawa yangu kwa zamu, wanawake wa mtaa mzima, kesho kwa jirani, keshokutwa kwa mwingine. Mikono inachuma, midomo iko huru. Waliniogopa kidogo, mke wa mgombea. Mmoja akajipendekeza: "Mama, kura zetu ni kwenye jembe."

Nikaendelea kuchuma. Nikasema, si kwa sauti kubwa, "Jembe ni zuri. Mdogo wangu alichimbiwa kwa jembe."

Nikasikia kahawa tu, zikidondoka kwenye vikapu.

Jumamosi, 10 Oktoba

Leo, sokoni Tukuyu, muuza ndizi nisiyemfahamu alimwambia mwenzake, "Nyumba mtu anakaa. Jembe linamchimbia." Nikanunua ndizi zake bila kuomba apunguze.

Alhamisi, 15 Oktoba

Neno limefika Kiwira. Limefika Kyela. Watoto wanamkimbilia Amoni nyuma ya gari wakiimba "Jembe la makaburi! Jembe la makaburi!" Amekuja nyumbani uso umebadilika rangi. Anasema ni Ezron. Mimi namjua Ezron. Neno lenye makali kama hilo hawezi kulitunga hata umpe mwaka.

"Wewe unakaa na wanawake," akaniambia. "Nichunguzie linatoka wapi."

Nikamwambia nitachunguza.

Nilipokuwa natwanga jioni nilijikuta natabasamu peke yangu, na Tupokigwe aliniona. Akageuza uso. Nadhani nilimtisha.

Jumatano, 21 Oktoba

Nilikuwa ninageuza kahawa kwenye vichanja, nyuma ya ukuta wa baraza. Saa ya mchana, jua la utosi. Lazaro na Amoni hawakujua niko pale.

"Makofi yamepungua," alisema Lazaro. "Maneno hayatoshi tena. Risasi kadhaa zivuke mto, wao wajibu, basi. Watu wataona kwa macho."

"Wasipojibu?"

"Watajibu. Nitapiga karibu na kituo chao."

Nikangoja mume wangu aseme hapana. Naandika kwa aibu: mpaka dakika ile kilikuwapo kipande cha moyo wangu kilichokuwa bado kinamngoja.

Akauliza, "Siku gani?"

"Usiku wa kuamkia kura."

Mpaka hapo nilikuwa nalipa kisasi changu mwenyewe, na ningekilipa hata kama nchi nzima ingekuwa salama. Sasa nimewaona vijana wote wa mgambo wamelala kwenye turubai kama Ambindwile, na wale wa ng'ambo vilevile, wapwa wa Tupokigwe. Nimewaza kwenda kwa wakubwa wa wilaya. Lakini wanakula naye meza moja, na nitaambiwa ni kichaa cha msiba. Neno likisemwa chumbani litafia chumbani. Hili litasemwa juani.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimemwambia Bibi Atuganile yote. Alikuwa anachagua maharage. Nilimwambia kuhusu makoti, mtumbwi, jibu la Jumatano, risasi. Amoni ni mwanawe wa pekee aliyebaki. Nilidhani atanipiga.

Aliendelea kuchagua maharage mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza kitu kimoja: "Samaki wa mwisho alioniletea, aliwavua wapi?"

"Sijui, mama."

"Sikumuuliza," akasema, akaingia ndani.

Jumapili, 25 Oktoba

Nitaandika kama yalivyokwenda.

Mkutano wa mwisho, Tukuyu. Watu walikuja kutoka kila upande, wengine walikuwa juu ya miti. Mwalimu Ezron alisema yake ya zahanati. Amoni akasimama, akamtaja tena shujaa wetu Ambindwile. Kisha msimamizi akatangaza muda wa maswali.

Nikasimama. Msimamizi alishangaa. "Mama, wewe si mke wa mgombea?"

"Ni mke wake, na nina kadi ya kupigia kura. Nina swali."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani nitamsifu. Amoni akatabasamu.

"Ndugu mgombea," nikasema, "Alhamisi ile ya mwezi uliopita, Kiwira, ulitangaza mmemkamata mpelelezi. Nilikuwepo, na watu wa Kiwira mko hapa mlisikia. Taja jina lake."

Tabasamu likabaki mdomoni, macho yakaondoka.

"Hiyo ni siri ya usalama, mama."

"Alikuwa Ambindwile, mdogo wangu. Nilikupigia magoti umtoe, ukasema kesho. Alhamisi alikuwa mpelelezi wako. Jumamosi, kaburini, akawa shujaa wako aliyeuawa na adui. Sasa waeleze watu hawa: Ambindwile alikufa mara ngapi, na aliuawa na nani?"

Nikasikia bendera ikipiga mlingoti. Lazaro alianza kuja upande wangu. Hapo Ali akatoka kwenye mstari wa mgambo, akavua kofia yake akaiweka chini mbele ya msimamizi. "Nyumba za Songwe tulizichoma sisi," akasema. "Lazaro alituamuru. Na usiku wa kuamkia kura tumeamriwa tufyatue risasi ng'ambo." Akarudia kwa nguvu, wa nyuma wasikie. Wenzake wawili wakavua kofia, wakaziweka juu ya yake.

"Mke wangu ana msiba!" Amoni alipiga kelele. "Akili imemruka! Jamani, mnamsikiliza mwanamke mwenye msiba?"

Ndipo nikamsikia Bibi Atuganile. Sikujua hata kwamba amekuja. Alikuwa katikati ya wanawake, amejifunga kanga kiunoni kama tufanyavyo msibani, mikono kichwani. Alitoa kile kilio cha kwanza, kile kinachojulisha mtaa kwamba mtu amekata roho.

"Amoni amekufa! Mwe! Mwanangu amekufa! Nilizaa mtoto, amekufa, amebaki huyu!"

Hadijah akajifunga kanga. Tupokigwe, na tumbo lake. Wale wa kahawa, wale wa sokoni, wanawake wa Kyela. Wote wakajifunga, wakaanza kumlilia mume wangu, akiwa amesimama pale juu na kipaza sauti mkononi. Walimlilia kwa jina, kwa ukoo, kwa shule aliyosoma. Vijana waliokuwa wanaruka mwezi uliopita waliinamisha vichwa, maana mbele ya kilio mwanamume hachezi. Aliita, "Mama! Mama, niko hapa!" Na mama yake alizidi kulia, hakumtazama.

Mimi sikulia. Nilisimama nikamwangalia mpaka akashuka.

Jumatatu, 26 Oktoba

Polisi wamemchukua Lazaro. Mgambo wote walio mtoni wamerudishwa, na bunduki zimekusanywa. Ali naye yuko ndani, anaandikisha maelezo. Hadijah amempelekea chakula, na nilimsindikiza.

Amoni hajakamatwa. Wanasema uchunguzi unaendelea, na jina lake liko kwenye karatasi za kura, haliwezi kutolewa.

Ijumaa, 30 Oktoba

Nimepiga kura. Nyumba.

Jumapili, 1 Novemba

Mwalimu Ezron ameshinda. Kituo cha Makandana, mtaani kwetu, jembe lilipata kura za kuokota. Watu walikuja kunipa mkono kama aliyeshinda ni mimi. Nilidhani moyo ungepoa. Nimeupima siku nzima, haujapoa. Ningependa ashindwe tena kesho, na keshokutwa.

Tupokigwe amejifungua mtoto wa kike. Nilipompakata nilimtafuta Ambindwile usoni mwake. Bado ni mdogo, hana uso wa mtu.

Jumanne, 3 Novemba

Mvua za kwanza, za mawe. Amoni amerudi. Siku zote hizi alikuwa kwa rafiki zake, na nadhani marafiki wamekwisha. Alisimama mlangoni analowa, akingoja akaribishwe nyumbani kwake. Mama yake alimpita akaenda zake jikoni, kama mtu anayepita kiti.

"Nina njaa," akaniambia.

Nikampakulia ndizi na maharage. Nikamnawisha mikono, kama mke. Akakaa mbele ya sahani, mvuke unampanda usoni, wala hakula. Aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni. Kisha akaisogeza sahani polepole mpaka ikafika upande wangu.

"Anza wewe," akasema.

Nilichelewa kuelewa. Katika yote niliyomfanyia, katika siku zote zile za pasi na tabasamu, sumu haikuwahi kunijia akilini mpaka aliponisogezea ile sahani. Nikaona namna atakavyoishi: kila mlo, kila kikombe cha maji, kila asubuhi ananiangalia kwanza mkono.

Nikavuta kigoda nikakaa. Nikala tonge la kwanza, akatazama. Nikala la pili. Akanyoosha mkono. Sikumrudishia sahani. Nilikula taratibu, mvua ikipiga bati, yeye akimeza mate, mpaka nikaimaliza yote.